Ndege ya Karatasi katika Wodi ya Wanaume

Mwaka jana, mvua za masika zilipokuwa zimeanza, mwanamume mmoja aliingia katika chumba changu cha ushonaji mjini Mbarara akiwa na suruali mbili begani. Alitaka nizipunguze mguu wa kushoto tu. Nilimwuliza kwa Kinyankore kama ana hakika, naye akacheka, akatembea mbele yangu kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani ili nione anavyochechemea. "Muguu hii ilivunjika zamani, ikapona fupi," alisema kwa Kiswahili, maana alishasikia katika matamshi yangu kwamba mimi ni Mkongomani. Kilikuwa Kiswahili cha kambi za jeshi, kigumu na cha kuamuru hata anapoomba. Uso wake ulikuwa umenenepa na nywele zimeingia mvi, kwa hiyo nilimtambua kwa sauti kwanza. Nilikuwa na pini midomoni. Nilizitoa, nikazichoma kwenye kitambaa, nikasema, "Afande Mugisha."

Aliniangalia usoni. "Nsimire? Dada ya Byamungu?" Akavuta kiti na kukaa bila kukaribishwa, uso umemng'aa wote. "Banange! Na Byamungu? Amerika iko namna gani? Ile moyo walitengeneza?"

Nilikuwa sijawahi kuulizwa swali lile. Watu wote walionijua walijua, na wasionijua hawakuwa na sababu ya kuuliza. Nilimwambia, "Hakusafiri, afande. Alikufa mwaka ule ule." Akasema polepole kwamba watoto wake wanalijua jina la Byamungu. Kila ndege ilipopita juu ya nyumba yao aliwaambia kwamba ana rafiki yake Amerika, fundi wa ndege, aliyewahi kuwa mgonjwa sana akapona. Nilifunga pazia la mlango ili wateja wasimwone mtu mzima kama yule akilia katikati ya vipande vya vitambaa. Na nilipokuwa nimesimama nimeshika pazia lile nilifikiri kwamba kwa miaka yote hii, katika nyumba moja ya mji huu huu ninaoishi, kaka yangu alikuwa hai. Kwa neno moja nilikuwa nimemwua tena.

Tangu siku ile mwaka niliokaa wodini na kaka yangu umenirudia, na nimeona afadhali niuandike kuliko kuuacha unizunguke. Sitaeleza tulivyotoka Kivu ya Kusini wala tulivyofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale; hayo ni marefu na si yangu peke yangu. Nitaanzia Juru, mtaa wetu kambini, kwa baiskeli. Byamungu alikuwa na miaka ishirini na ushee, mimi nilikuwa mdogo wake, nikimwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu kwetu. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya maharage ya watu kwa baiskeli hadi soko la Kabingo. Alikuwa na mapaja ya mtu anayepanda vilima kila siku. Halafu akaanza kusimama katikati ya kilima. Tulidhani ni uchovu. Halafu viatu vikaanza kumbana jioni, halafu asubuhi pia. Mwishowe akawa hawezi kulala chali. Akijilaza alisema kuna mtu amemkalia kifuani. Alilala ameegemea ukuta wa udongo, miguu ameinyoosha, kama mtu anayesubiri gari. Zahanati ya Base Camp, makao makuu ya kambi, walimsikiliza kifua, wakaitana wawili kusikiliza tena, na siku hiyo hiyo wakamwandikia kwenda Mbarara. Mama alikuwa na shamba la maharage lililokuwa tayari kuvunwa na wadogo zetu wa kulisha. Mimi ndiye niliyekwenda kumlinda na kumwuguza.

Hospitali ilikuwa ndogo, pembeni ya mji, na wodi ya wanaume ilikuwa moja tu, kwa hiyo kila aina ya maradhi ililala pamoja. Ilinukia dawa ya sakafu na ndizi za kuchemsha. Byamungu alipewa kitanda cha pembeni karibu na dirisha ili apate hewa, na kitanda kilichofuata kilikuwa cha askari. Sikuhitaji kuambiwa. Shati lake la jeshi lilining'inia kwenye chuma cha kichwani. Mguu wake ulikuwa umeinuliwa kwa kamba na kuvutwa na mzigo wa chuma, na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta; boda boda ilikuwa imemwangusha akiwa likizoni, yeye aliyekwenda kazi za jeshi nchi za nje na kurudi bila hata mkwaruzo. Lakini mimi niliona shati tu. Mtu aliyekulia nilikokulia haoni mtu ndani ya shati kama lile. Nilitandika mkeka wangu upande wa pili wa kitanda cha kaka yangu, ili mwili wake uwe kati yangu na yule askari, na kwa siku kadhaa nilipita mbele yake nikitazama chini.

Daktari alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alitueleza kwa Kiswahili alichokichagua neno kwa neno kwamba moyo una milango, na mlango mmoja wa moyo wa Byamungu umeharibika tangu utotoni, pengine kwa homa ya koo ambayo hakuna aliyeijali. Damu ikishapita, inarudi nyuma. "Dawa zitapunguza maji mwilini," alisema, "lakini mlango wenyewe hazitautengeneza." Upasuaji wa namna ile ulikuwa haufanyiki karibu nasi wakati ule. Aliandika kwa watu wa Base Camp, wao wakaandika mbele, na tukaambiwa kwamba kesi yake imepelekwa apokelewe katika nchi ambako moyo unafunguliwa na kufungwa tena. Byamungu alisikiliza yote, akashukuru, na daktari alipoondoka akaniambia, "Nsimire, kumbe miaka yote niko na nyumba yenye mulango mubovu, na mi nakaribisha batu."

Nyuma ya wodi kulikuwa na uwanja wa kupikia. Walinzi wa wagonjwa tulikuwa na majiko yetu huko, kila mtu na mafiga au sigiri yake, chini ya bati lililotobokatoboka. Pale ndipo nilipojifunza Kinyankore, kwa kusikiliza watu wasiojua kwamba nasikiliza. Wanawake wa kule walipika matoke na maharage, na mimi nilipika bukari, ugali wetu wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, nikipata, na dagaa wachache niliowakaanga bila chumvi kwa sababu daktari alikataza chumvi. Walinicheka kwa wema, wakanigawia maziwa. Siku moja nilikuwa nimeinama napuliza moto, na mmoja akamwambia mwenzake kwamba yule kijana mkimbizi wa dirishani hatarudi kwao, miguu ikivimba namna ile mtu hafikishi mwaka. Yule mwenzake akasema, "Bambi, na dada yake anavyohangaika." Nilielewa kila neno, na nilitamani nisingekuwa mwepesi wa lugha. Niliinuka na sufuria yangu, nikawaaga kama kawaida, nikampelekea kaka yangu chakula, nikamtazama anavyokula. Sikumwambia. Hata leo, nikisikia neno lile la huruma sokoni, naondoka bila kununua.

Askari yule alikuwa Mugisha, na karatasi zilikuja na kaka yake. Alikuwa mwalimu mjini, na alimwonea huruma ndugu yake aliyelala akitazama dari, akamchapishia kutoka kwenye intaneti kurasa za karatasi ngumu, rangi zote, za kukata na kukunja na kubandika ili kutengeneza ndege ya kivita ya zamani, zile za vita kuu ya pili, zenye propela moja mbele. Kila kipande kilikuwa na namba. Kulikuwa na vipande vikubwa kama kiganja na vingine vidogo kama ukucha wa mtoto. Mugisha alijaribu kukata kwa mkono wa kushoto, akaharibu ukingo wa bawa, akatukana kwa lugha zote anazozijua. Kisha akageuza kichwa kwenye mto wake.

"Wewe mukimbizi," alisema. "Mukono yako iko sawa?"

Nilishtuka. Byamungu alimtazama kwa utulivu. "Mukono iko muzuri," alijibu. "Ni moyo ndiyo inakataa."

"Kale, sawa. Mimi moyo iko muzuri, mukono ndiyo inakataa. Kuja, tutengeneze mutu moja."

Byamungu alicheka hadi akakohoa, na nikajua kwamba mkeka wangu unaweza kuhamia upande wowote sasa. Kuanzia siku ile vitanda vile viwili vilisogezwa karibu mpaka mwuguzi akawa anapita kati kwa shida. Mugisha alisoma maelekezo ya Kiingereza na kutafuta namba. Byamungu, aliyekuwa akiketi tu kwa sababu hawezi kulala, alikuwa na mfuniko wa boksi mapajani, ndiyo meza yake, na wembe aliouvunja katikati na kuufunga kitambaa. Mimi nilipewa kazi ya gundi. Nilikoroga unga wa muhogo kwa maji, nikaupika kwenye sufuria ndogo mpaka ukawa mzito na wa kung'aa, na wale wanawake wa uwanjani wakaulizana Mkongomani huyu anampikia nani uji mbaya hivi. Kalamu iliyokauka wino ilichora mistari ya kukunjia. Mirija ya bunduki za mabawani na vyuma vya magurudumu Byamungu aliviviringisha kwenye spoki ya baiskeli. Kioo cha rubani tulikikata kwenye plastiki ya vifuko vya sindano, ambavyo mwuguzi alituwekea badala ya kuvitupa. Ndani ya mwili wa ndege kulikuwa na mbavu za karatasi, moja baada ya nyingine kuanzia puani hadi mkiani, ambazo hakuna mtu angeziona ndege ikishafungwa. Mugisha alisema waziruke. Byamungu alikataa. "Mutu haoni mbavu zangu," alisema, "lakini nazihitaji."

Ninapokumbuka majuma yale naona aibu kidogo kusema kwamba nilikuwa na furaha. Kaka yangu alikuwa anakufa, na nilikuwa na miaka kumi na tisa, na asubuhi niliamka nikiwa na hamu ya kujua leo tutabandika nini. Dawa za kutoa maji zilikuwa zikifanya kazi na uso wake ulikuwa umerudi. Nilimwosha miguu, kitu kilichomwudhi, kwa hiyo alinitania wakati wote ninapomwosha ili nisione anavyoona haya. Siku waliyobandika mabawa, gundi ilipokwisha kukauka, Mugisha aliishika ndege, akaigeuza, akasema, "Banange. Nyota iko chini." Walikuwa wameyaweka mabawa juu chini, nyota zilizochapishwa upande wa juu zikitazama sakafu. Wote wawili wakaangua kicheko, na kila mmoja akimtazama mwenzake kicheko kilianza upya, mzigo wa chuma wa Mugisha ukagongagonga kitanda, na mwuguzi akaja mbio akidhani kuna mtu amepatwa na degedege. Ilinibidi niyashike mabawa juu ya mvuke wa sufuria yangu uwanjani, matoke ya watu yakichemka pembeni, mpaka muhogo ulipolegea na yakatoka bila kuchanika. Rubani wa karatasi alikuwa mzungu. Byamungu alimpaka wino usoni kwa uangalifu, macho akayaacha. "Sasa tunajuana," akasema.

Mama alikuja mara moja mwaka ule, baada ya mavuno. Alikuwa amebeba maharage mapya na sombe iliyokwisha kutwangwa, imefungwa kwenye majani ya mgomba, na alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alimshika Byamungu mashavu, akambonyeza miguu kwa kidole na kutazama shimo linavyochelewa kujaa. Kisha akaiona ndege kwenye meza ya dawa. Pua ya ndege ilikuwa imechapishwa mdomo wa samaki mkali, mwekundu, wenye meno meupe.

"Hii ni ndeke gani?" aliuliza.

"Ya vita, mama. Ya zamani sana."

"Tulikimbia kwetu ju ya vita, na weye unailaza kwa kichwa yako?"

"Mama, iko karatasi."

"Vita yote inaanziaka kwa karatasi," alisema mama, na akavua kitambaa chake cha kichwani, akakitandika juu ya pua ile ili asiyaone meno wakati anampakulia mwanawe chakula. Hapo nilimwona Mugisha, ambaye alikuwa amenyamaza tangu mama aingie, akinyoosha mkono wake mzima juu ya kichwa chake. Alilivuta shati lake la jeshi kutoka kwenye chuma, akalikunja kwa shida kwa mkono mmoja na kulisukuma chini ya mto. Alikaa na fulana tu mpaka mama alipoondoka. Mama alimpa sahani ya sombe kama alivyompa mwanawe. Alipokuwa anaaga alimwambia kwa heshima ya baba, "Ubakie na Mungu, papa," na askari yule akajibu "Asante mama" kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake.

Habari njema ilikuja wakati magurudumu yamekwisha kufungwa. Mfanyakazi mmoja wa Base Camp alikuja wodini mwenyewe, akatabasamu kabla ya kusema, akatuambia kwamba nchi imepatikana, Amerika, kwamba tumekubaliwa sote, mama na wadogo na mimi, pamoja na mgonjwa. Limebaki jambo la daktari wa wasafiri tu. Wodi nzima ilitupongeza. Byamungu alimgeukia Mugisha akamwuliza maswali mpaka jioni, maana Mugisha alikuwa ndiye mtu pekee tuliyemjua aliyewahi kupanda ndege ya kweli.

"Ikiinuka, batu banalia?"

"Hapana. Masikio inaziba, basi. Halafu wanakupa chai."

"Chai? Kule juu?"

"Chai na mukate. Wewe unakula, na chini yako ni mawingu."

Byamungu alitafakari jambo hilo. "Na kojo?" aliuliza, na wakacheka tena.

Daktari wa wasafiri alikuja, akampima bila haraka na kwa heshima. Alimsikiliza mgongoni, akamtembeza hatua chache kati ya vitanda, akamfunga kitu kidogo kidoleni, akasubiri, akatazama. Alikaa kitandani kabla ya kusema, na mtu wa hospitali akikaa kitandani kwako unajua. Alisema kwamba safari ni ndefu na hewa ndani ya ndege ni nyepesi kuliko ya chini. Kwa hali hii moyo hauwezi kuivumilia. Apate nguvu kwanza, atapimwa tena. Hakuwa amekosea, nimewauliza madaktari wengine baadaye, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wameniambia hivyo hivyo. Byamungu alimshukuru. Alikaa akitazama dirishani mpaka nilipoleta chakula, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kuelewa hesabu ya shule, "Nsimire, banasema moyo itapona kule. Na ili nifike kule, ile moyo inapaswa kwanza kupona." Nilimpa kijiko.

Baada ya hapo mambo yalishuka. Mugisha alifunguliwa kamba na plasta, akapewa magongo, akaruhusiwa kwenda. Alisimama kati ya vitanda vile viwili akiwa amevaa shati lake, mrefu kuliko nilivyodhani, na tulimwona kwa mara ya kwanza akiwa wima. "Propela bado," alimwambia Byamungu. "Wewe maliza. Ukifika Amerika unitumie picha." Walishikana mikono, na Mugisha hakuachia upesi. Alipiga simu mara kadhaa. Kisha alirudishwa kazini mbali, na simu yangu iliharibika kwa maji ya mvua, na hivyo ndivyo watu wanavyopotezana bila ugomvi wowote. Kitanda chake kilipewa mzee aliyelala usingizi tu.

Vidole vya Byamungu vilivimba, na kucha zikageuka rangi ya zambarau. Alijaribu kuushika wembe ukamponyoka. Aliutazama juu ya blanketi, kisha akanisukumia mfuniko wa boksi pamoja na kila kitu kilichokuwa juu yake. Nilikuwa sijawahi kuruhusiwa kukata; nilikuwa mtu wa gundi. "Usikate mustari," aliniambia. "Kata kando kiloko, kidogo tu, mustari ibakie. Na usisukume wembe. Geuza karatasi, wembe itulie." Alipumua kati ya kila maneno mawili. Nilikata mapanga matatu ya propela namna ile, nikigeuza karatasi, na aliniangalia mikono bila kupepesa. Mimi leo nawafundisha wasichana kushona, na ninapowaambia wageuze kitambaa badala ya mkasi huwa nasikia nani anazungumza. Wananiita fundi, na ni kweli nimekula kwa kazi hii na nimesomesha watoto kwayo. Ningeirudisha yote kwa mtu yeyote ambaye angenirudishia kitanda kile cha dirishani na mimi nikiwa bado nakoroga gundi, bado siruhusiwi kushika wembe.

Propela ilishikwa kwa kipande cha spoki ili izunguke. Tuliiweka ndege mbele yake mchana mmoja, jua likiingia moja kwa moja, na ilikuwa nzuri kuliko nilivyoweza kuamini kwamba ni muhogo na karatasi. Aliinama, akakusanya midomo, akapuliza. Propela haikusogea. Alivuta hewa na kupuliza tena, na mishipa ya shingo ilimtoka, na haikusogea. Aliegemea mto na kufumba macho mpaka pumzi yake ilipotulia. "Puliza weye," alisema. Nilipuliza, nayo ikazunguka, ikazunguka mpaka meno ya samaki yakafichika nyuma ya ukungu mdogo. "Eh," alisema kaka yangu. "Angalia." Alinitaka nipulize tena, na tena, mpaka kichwa kikaanza kunizunguka mimi mwenye mapafu mazima.

Alikufa asubuhi moja ya juma lile, wakati nikiwa uwanjani nakoroga uji wake. Mwuguzi alikuja akasimama karibu na moto, akiwa ameshikanisha mikono mbele yake. Nilimtazama nikaendelea kukoroga. Yule mwanamke aliyewahi kusema kwamba kaka yangu hatafikisha mwaka aliinuka kwenye jiko lake, akauchukua mwiko mkononi mwangu taratibu, akaendelea kukoroga yeye ili uji usiungue, na kwa mkono mwingine akanisukuma mgongoni niende. Sijui uji ule ulinywewa na nani.

Tulimrudisha Juru. Nilikaa mbele karibu na dereva nikiwa nimeipakata ndege, na barabara baada ya Kabingo ilikuwa ya mashimo, na nilijikuta nikiilinda isivunjike kwa uangalifu wote niliokuwa nao, kana kwamba ndiyo iliyobaki kuokolewa. Majirani walichimba kaburi juu kidogo ya shamba, Wakongomani na Warundi pamoja, na Warundi waliimba nyimbo zao za Kikatoliki tulipomaliza zetu. Mtu alipendekeza ndege izikwe naye. Mama alikataa. "Mutoto wangu haendi kwa Mungu na kitu ya vita," alisema, na hakuna aliyebishana naye. Niliitundika kwenye boriti ya nyumba. Haikudumu. Muhogo ni chakula, na mende wa Nakivale hawachagui. Walikula gundi kwenye viungo, kwanza mkia, kisha mabawa, na kila asubuhi nilikuta kipande chini. Vipande vyenyewe vilibaki safi, vimekatwa vizuri, visivyoshikana na chochote. Watoto walivichezea mpaka vikaisha. Kesi yetu nayo ilifungwa, kwa kuwa ilikuwa ni ya mgonjwa, na mgonjwa hakuwepo. Tulibaki.

Mama hakulia mbele yetu. Alilima. Lakini jioni, tukiwa tumekaa mlangoni tunapukuchua mahindi, alianza kuniuliza habari za wodi, jambo moja moja, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Alikuwa anakula nini. Dirisha lilitazama wapi. Nikamweleza mpaka nikafika kwenye siku ya mabawa, yalivyobandikwa juu chini, na Mugisha alivyosema nyota iko chini. Mikono ya mama ilisimama juu ya gunzi.

"Alicheka?"

"Alicheka, mama. Mpaka mwuguzi akakuja mbio."

"Na yule soda naye?" aliuliza; alimaanisha askari.

"Na yeye. Banacheka wote wawili, banashindwa kunyamaza."

Siku iliyofuata aliniomba nimwambie tena, na iliyofuata pia. Nilimwambia kila alipotaka, na sikuongeza kitu wala sikupunguza. Jioni moja, nilipomaliza, aliniambia, "Njo unioneshe vile alicheka." Nilijaribu. Nilifungua mdomo na kutoa sauti, na ilikuwa sauti yangu tu. Nilijaribu tena kwa sauti nzito. Mama alitikisa kichwa.

"Hapana. Si vile. Alikuwaka anaanza na pua."

Akaweka gunzi chini. Akainua kidevu kidogo, akafumba macho, akavuta hewa puani kwa vipandevipande, na kikatoka, kicheko cha Byamungu kizima kizima, kikipanda kwa kukwama kwama na kufunguka mwishoni, kutoka kifuani mwa mama yangu. Kilijaza mlango. Mdogo wetu aliyekuwa ndani akatoka mbio kutazama ni nani amekuja. Mama alimwona, akajifunika mdomo kwa kitenge, na mabega yake yakaendelea kutikisika kwa muda mrefu, na haikuwa kucheka tena.